Waliobaki Juu ya Shimo

Ruti, mama,

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutomwachia begi mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia, na atayarudia kesho asubuhi mpaka kamyo, lori litakalokubeba, ing'oe magurudumu. Mimi nina jambo moja tu. Sasa ni saa tisa mchana. Umekwenda Musonoi kuwaaga shangazi zako, nami nawajua: hawatakuachilia kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina saa tatu za kuandika kitu ambacho nimekinyamazia kwa miaka kumi na moja.

Juma lililopita uliniomba daftari langu la mahubiri, lile jeusi, uende nalo Dilolo, kwenye kanisa utakalolihubiria kila Jumapili. Nikakuuliza unataka hubiri gani. Ukasema, "Ile ya Yona, tata. Siku ya yenga ya kwanza kule Dilolo nitahubiri ile ya kushuka. Na nitamutaja Yaya Monga." Kisha ukacheka, ukaongeza, "Batu ba Dilolo batalia, utaona."

Nilikupa daftari. Tangu siku hiyo sahani yangu inarudi jikoni imejaa. Mama yako ameona, na hajauliza kwa sababu anajua.

Hubiri lile umelisikia mara nyingi hata ungeweza kulisema usingizini. Yona alishuka Yafa, akashuka merikebuni, akashuka mpaka chumba cha ndani kabisa, na mwisho akashuka mpaka misingi ya milima. Samsoni alishuka Timna. Mtu mmoja alishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kila anayeshuka, nilisema, anampa Mungu kisogo. Kisha nilikuwa nashusha sauti na kumleta kaka yako, huyo Yaya Monga wako: kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeshuka shimoni kinyume cha neno la baba yake, na udongo ukamfunika. Mara ya kwanza niliposimulia hayo ulikuwa na miaka tisa. Ulikaa benchi la mbele, nguo yako ina kola nyeupe, na nilipomaliza ulipiga makofi pamoja na watu wazima.

Ruti, udongo haukumfunika kaka yako.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea darasani. Nikikimbilia mwisho nitajitetea, na ukinisoma nikijitetea hutanisamehe.

Unajua kwamba sisi si watu wa hapa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kaskazini, kijiji cha juu, mahali ambapo asubuhi mawingu yako chini ya miguu yako. Vita vilipofika tuliteremka kuelekea ziwa Moero, kwa sababu kila mtu alisema chini kwenye ziwa kuna mitumbwi. Nilimbeba Monga shingoni. Alikuwa na miaka sita, akawa anahesabu mizigo iliyotupwa njiani. Bibi yako, mama yangu, alikufa kwenye mteremko ule ule. Hakupigwa risasi. Alikaa kwenye jiwe akasema magoti yamekataa kushuka zaidi, na tulipoamka alikuwa bado amekaa. Tukamchimbia kaburi kwa sufuria, hatukuwa na jembe. Na kule chini kwenye ziwa tuliwakuta askari.

Tulipofika Kolwezi nikawa mzee wa kanisa, kisha mwalimu wa Neno, na watu wakanisifu kwa mafundisho yangu juu ya kushuka. Walidhani nimeyapata kwa kusoma. Kusoma nilisoma, sikatai. Lakini fundisho lenyewe lilizaliwa kwenye mteremko ule. Niliogopa kushuka, nikaenda kwenye Biblia kutafuta mistari ya kuunga mkono hofu yangu, na Biblia ni kubwa, mtu anayetafuta mistari hakosi. Niliita hofu yangu fundisho, nikawafundisha watu wengine kuogopa pamoja nami.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaishi Kolwezi, mji ambao mkate wake wote unatoka chini. Hata vilima tunavyovitazama kutoka barazani si vilima vya Mungu. Ni udongo uliotolewa mashimoni. Kila mahali pa juu katika mji huu pamepanda kwa sababu mtu fulani alishuka. Niliviona vilima hivyo kila siku na havikunifundisha kitu.

Monga alianza kuchimba madini na wenzake watatu upande wa Musonoi. Unakumbuka labda jinsi alivyorudi na kope nyekundu kwa vumbi, ukimwita jogoo. Wachimbaji wana desturi yao: anayeshika kamba juu ya shimo anakuwa mtu wa damu yako, ndugu au baba. Kamba ni maisha, na maisha hayapewi mgeni kushika. Wenzake walikuwa na kaka zao. Yeye alikuwa na mimi.

Alikuja hapa barazani, akasimama, hakukaa. "Tata," akasema, "kuya unishikie kamba. Ata siku moja tu, bale bananicheka. Banasema mi niko mutoto ya njiani."

Nikamjibu, "Mzee wa kanisa hawezi kuonekana mdomoni mwa shimo. Mungu hashuki humo."

Akanitazama, kisha akacheka, unajua alivyocheka, bega moja likipanda. "Haina neno, tata. Nikimukuta kule chini nitamusalimia, nitamuambia salamu inatoka kwa mwalimu."

Mama yako alicheka pia. Mimi nilikasirika kwa mzaha juu ya jina la Mungu, nikaingia ndani. Kamba yake ikashikwa na rafiki yake Ngoie, kijana aliyekuwa pia akiendesha mashini ya hewa. Hiyo ni mashini ndogo ya petroli inayosukuma hewa kwenye mpira mrefu mpaka ndani ya handaki, mahali ambapo hewa ya kawaida haifiki.

Siku ile nilikuwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, nimevaa suti. Mtoto wa jirani akaja mbio: handaki limeanguka, Monga yuko nyuma ya udongo. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka kule. Nilipofika, Ruti, kaka yako alikuwa mzima. Kipande cha paa la handaki kilikuwa kimeanguka kati yake na mdomo, yeye akiwa upande wa pili, hakuguswa. Mpira wa hewa ulikuwa umepita chini ya kifusi bila kukatika. Mashini iliunguruma. Vijana wawili walikuwa chini wakichimba kumfuata, na mmoja alipiga kelele kwenda juu: "Anagonga! Anatujibu! Bado kidogo!"

Ndipo waliponiona. Unajua watu wa hapa wanavyomheshimu mtu wa Mungu. Wakavua kofia. Walio chini wakaambiwa mwalimu amefika, wakaacha koleo na kupanda. Mwanamke mmoja muuza mikate akasema, "Tata Mwalimu, ombeni." Na mimi, ambaye nilikataa kusimama pale kwa ajili ya kamba, nikasimama pale kwa ajili ya maombi.

Mashini ilinisumbua. Sikuweza kusikia sauti yangu mwenyewe. Nikamwambia Ngoie, "Zima hicho kitu."

Akasema, "Tata, hiyi njo inamupa pumuzi."

"Dakika mbili," nikasema. "Mungu anasema nasi, wewe unapiga kelele?"

Akazima.

Hazikuwa dakika mbili. Nilianza na Yona. Niliwaambia vijana wale kwamba mlima umefunga makomeo yake juu ya mwanangu kama ulivyofunga juu ya nabii mtoro. Kisha nikainama mdomoni mwa shimo, nikaita jina lake na kumwambia atubu kabla ya kutoka. Nilitaka atoke ametubu. Nilitaka watu wale wote waone. Kutoka chini tukasikia mgongo wa patasi kwenye jiwe, mara tatu. Watu wakasema amina. Nikaendelea. Baadaye akagonga tena, mara nyingi, haraka haraka, nami nikasema kwa sauti kubwa, "Mnasikia? Anaungama!" Nikaendelea. Kisha hakugonga.

Niliposema amina ya mwisho, Ngoie aliruka kwenye mashini. Mashini zile zikizimwa zikiwa za moto hukataa kuwaka. Yeye alijua. Alikuwa amejua wakati anazima, lakini kijana wa miaka kumi na tisa hawezi kubishana mara ya pili na mzee aliyevaa suti. Alivuta kamba ya kuwashia, akavuta, akavuta, mpaka kiganja kikachanika. Walio chini walirudi kuchimba kama wendawazimu. Walimfikia jua likiwa limeshuka upande wa mashimo ya kampuni.

Hakuwa na jeraha. Mama yako ndiye aliyemwosha. Alimgeuza upande huu na upande ule akitafuta mahali udongo ulipomwangukia, kisha akaniuliza, "Ni udongo ya namna gani hii, isiyoacha alama?" Jibu alilipata kwa Ngoie, usiku wa matanga. Tangu hapo alinitamkia neno moja tu juu ya jambo hili, mara moja, akiwa anaanika nguo, bila kugeuka: "Ulimuombea mupaka akakufa."

Unakumbuka kwamba kila niliposimulia ushuhuda wa Monga kanisani mama yako alitoka nje? Uliniuliza siku moja, nikakuambia ameenda kuangalia sufuria. Miaka kumi na moja ya sufuria.

Ushuhuda wenyewe haukuwa wazo langu, ila hilo halinipunguzii kitu. Mchungaji wa wakati ule alikuja siku ya tatu, akasema kifo hiki kinaweza kuwaokoa vijana wengi kutoka mashimoni, nami nikisimama kukisimulia nitakuwa nimempa Mungu utukufu. Hakuuliza kilichotokea. Nilishukuru kwamba hakuuliza. Nikasimama siku ya yenga iliyofuata, nikasema udongo, na kanisa likalia, na nilivyoona kanisa linalia nikajua kwamba sitaweza kurudi nyuma. Kuhusu wale vijana wengi wa kuokolewa, sijui hata mmoja aliyeacha kuchimba kwa sababu yangu. Wana njaa. Walilia, wakasema amina, wakarudi shimoni Jumatatu.

Sasa nikuambie nilichokisoma baadaye, maana unakwenda kusimama mahali niliposimama, na hutanisamehe nikikuficha hicho pia.

Mwaka mmoja baada ya mazishi nilikuwa natayarisha somo la Yeremia. Wakuu walimshusha nabii ndani ya kisima kisicho na maji, chenye matope tu, akazama. Nilikuwa nimelifundisha mara nyingi kama adhabu na subira. Lakini siku ile nilisoma polepole, kwa kuwa macho yalikuwa yameanza kunisumbua, nikafika kwa Ebedmeleki, yule Mkushi, mgeni katika nyumba ya mfalme. Alikuja na kamba kumtoa. Na kabla ya kamba alikwenda kwenye chumba kilicho chini ya hazina, akaokota matambara na nguo kuukuu, akazishusha kwa nabii, akamwambia aziweke kwapani chini ya kamba, isimkate.

Nilifunga kitabu. Nilikuwa nimeona jambo hilo kwa macho yangu. Walipomfunga kaka yako kamba ili kumpandisha, amekwisha kufa, Ngoie alivua shati lake, akalipasua vipande viwili, akamshushia mwenzake na kupiga kelele: "Muwekee mu makwapa! Kamba isimukate!" Wakati ule nilidhani kijana amechanganyikiwa, nani anahofia kamba kumkata maiti? Mimi, niliyejua Yeremia kwa moyo, nilisimama pale na suti yangu nzima. Ngoie, ambaye sidhani amewahi kusoma sura ile, alikuwa Ebedmeleki, na hakuna aliyemwita mwalimu.

Baada ya hapo kila ukurasa ulinigeuka. Nilirudi kwenye njia ya Yeriko. Nilikuwa nimesema yule mtu alipigwa kwa sababu alishuka, lakini soma vizuri: kuhani naye alikuwa akishuka njia ile ile, na hakuna mwizi aliyemgusa. Kushuka hakukuwa kosa la yeyote. Kosa lilikuwa la kupita kando. Nilirudi kwa Yakobo mzee anayeogopa kwenda Misri, nikamkuta Mungu akimwambia kwamba atashuka pamoja naye. Mungu huyo huyo niliyemwambia kaka yako kwamba hashuki. Nilirudi kwa yule mgonjwa aliyeteremshwa kupitia paa. Maandiko hayataji kamba, lakini kitanda hakishuki chenyewe. Wanne walikuwa juu wakishikilia. Na Bwana alitazama imani yao, wale wa juu, kabla ya kusema na yule wa chini.

Mwisho nikarudi kwa Yona mwenyewe, na hapo nilivunjika. Nilisoma kitabu kile maisha yangu yote na sikuona kwamba katika sura ya pili anayeomba ni yule aliye chini. Waliobaki juu, mabaharia wale, walilia kila mtu kwa mungu wake, kweli, lakini mikono yao ilikuwa inatupa mizigo na kuvuta makasia. Hakuna hata mmoja aliyeacha kasia ili aombe. Monga alikuwa akiomba kwa patasi yake. Ombi lake lilikuwa fupi na lilieleweka na kila mtu aliye na masikio: hewa. Sauti yangu ndiyo iliyolifunika.

Utaniuliza kwa nini, nikiyajua hayo yote, niliendelea kusimulia udongo kwa miaka kumi zaidi. Nilikuwa na kiti changu karibu na mimbari. Nilipoteza kijiji, nilipoteza shule, nilipoteza mama mteremkoni, na mji huu ulinipa kitu kimoja tu, jina la Tata Mwalimu. Nililishika kwa mikono miwili. Ndiyo maana haikubaki mikono ya kushika kamba.

Uliponiomba daftari, siku ya pili nilipanda moto mpaka upande wa Kingamyambo, mahali Ngoie anapoosha mchanga wa madini uliobaki. Ana mvi kushinda umri wake. Nilimwambia nimekuja kusema kwamba kosa ni langu. Akaendelea kutikisa ungo. Akasema, "Mukono yenye ilizima ilikuwa yangu, tata."

"Mimi nilikuamuru."

"Najua. Nilikuwapo." Kisha akanyanyua macho. "Hiyi njia ni ya moto, dakika makumi tatu. Miaka kumi na moja, Tata Mwalimu. Ulikawia wapi?"

Nilikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa mpaka akamaliza kuosha. Hakunifukuza. Hakunisamehe pia, na sikumwomba. Wakati naondoka alisema, "Ruti anaenda Dilolo? Muambie safari njema. Alikuwa ananiita Yaya, akiwa mudogo."

Ndiyo yote. Leo nimelifungua tena daftari kwenye mizigo yako, na sikuchana ukurasa wa Yona. Nimeandika pembeni, kwa wino mwekundu, kama nilivyosahihisha kazi za wanafunzi: si kweli. Ukitaka kumtaja kaka yako Dilolo, mtaje. Mtaje alivyokuwa, na mtaje baba yake alivyokuwa, ila jina la Ngoie liache mpaka yeye mwenyewe akuruhusu. Ukinyamaza pia, nitaelewa. Na ukikataa kunitazama, nitaelewa hilo kuliko yote.

Nilifikiri kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa mbali nami. Huo ungekuwa woga ule ule. Nitaiweka mezani, karibu na sahani yako, uisome leo usiku kwa taa, nami nitakuwa barazani. Mama yako anajua.

Kesho kamyo itakuja. Mizigo itapandishwa juu, nawe utaona kwamba mimi ndiye ninayefunga kamba ya sanduku lako. Chini ya kamba utaona matambara. Ni suti yangu ya siku ile. Mama yako ameikata leo asubuhi. Halafu watu watakusanyika, kwa desturi yetu, na dereva, kijana mwenye adabu, atanyoosha mkono kwenye ufunguo na kuuliza kama azime ili mzee aombe.

Kama utataka niombe, nitaomba maneno machache nikiwa nimeshika kamba. Kama hutaki, nitashika kamba tu. Lakini kwa vyovyote vile, Ruti, wewe utakayekuwa karibu na dereva kuliko mimi, mwambie asizime.

Tata yako